Ukuta Ambao Papa Hakuugonga

Siku ile sikumwambia Anselme karibu. Nilimwona akiingia uani, kofia mkononi, suti yake ya kijivu ya abakosti imepigwa pasi utadhani anakwenda kuposa, na badala ya kumvutia kiti nikavuta ufagio. Nilifagia mbele ya viatu vyake mpaka akarudi nyuma hatua mbili.

"Safi," akaniita kwa jina.

"Wazazi wameenda kumuita chef wa quartier, aje akate mambo ya nyumba. Palabre iko saa ine. Sasa iko saa tatu."

"Najua. Ni juu ya ile nimekuja mbele ya saa. Nataka kusema na weye."

"Sema na ukuta. Weye unaujua kuliko siye wote."

Nilikuwa nimejiapiza nisimtazame usoni. Kiapo hicho kilidumu kama muda wa kufagia majani matatu. Nikainua macho, na nikamkuta amekonda, macho mekundu, ndevu zimeachwa zijiotee zenyewe. Moyo wangu, ambao haukuwahi kuwa na adabu, ukaruka. Nikauchukia.

Tangu mwaka uliopita nilimpenda mtu huyu. Kwenye karatasi za serikali aliitwa Lokwa, lakini kwao na mdomoni mwangu alikuwa Anselme, mtoto wa wavuvi wa pale maporomokoni. Ndugu zake wote walirithi mitego ya samaki. Yeye alirithi mdomo. Alikuwa komisioneri: ukitaka kiwanja au nyumba Kisangani nzima, unamwendea, naye anajua nani anauza, nani anahama, nani amekufa bila mrithi. Kila Jumapili alivuka mto kuja kwetu Lubunga, na Tonton Amuri, kaka yake Mama, kila Jumapili alisema maneno yaleyale: sisi ni Waislamu wa kutoka Kasongo, na mtoto wa wavuvi hatupeleki popote. Papa alinyamaza mwaka mzima. Halafu Desemba akakubali Anselme alete zawadi za kujitambulisha. Akaleta taa ya petroli na blanketi jekundu. Kuanzia siku hiyo, kwetu, alikuwa mkwe.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na ilinichukua miezi mitatu kuelewa.

Januari Papa alistaafu kazi ya reli, na kampuni ikamtaka aondoke katika nyumba yake kabla ya mwezi kwisha. Anselme akaja mbio na karatasi ya nyumba ya Mangobo, imeandikwa kwa mwandiko wake mzuri: nyumba ya durable, vyumba vitatu, tofali za kuchoma, saruji pande zote. Hakuna mtu wa Kisangani asiyejua uzito wa neno durable. Nyumba ya durable unamwachia mjukuu. Ile nyingine, semi-durable, ni tofali mbichi za udongo zilizovikwa saruji, na mvua ikipata mlango wa kuingilia, unabaki na tope lenye rangi.

Papa si mtu wa kudanganywa na rangi. Miaka thelathini alitembea kando ya mabehewa ya treni ya Ubundu na nyundo ndogo, akigonga magurudumu, na kwa sikio tu alijua lipi zima na lipi lina ufa. Siku ya kuitazama nyumba alikuja na nyundo hiyohiyo. Aligonga veranda. Aligonga kuta nne za saluni, yaani sebule, moja baada ya nyingine, kichwa kimeinama, na zote zilimjibu vizuri. Mwenye nyumba, mfanyabiashara anayeitwa Alphonse, alikuwa akifuta jasho.

Halafu tukafika kwenye chumba cha nyuma, chumba cha kulala. Anselme akatangulia kuingia, akashika mlango. Papa akasimama kizingitini.

Kwetu baba mkwe haingii na mkwe wake katika chumba chenye kitanda. Ni aibu, na hakuna anayeuliza kwa nini. Tena hakuna mzee mwenye heshima anayelipima neno la mkwe wake mbele ya watu wa nje. Papa aliirudisha nyundo mfukoni na kusema, "Mukwe wangu ameona. Inatosha." Akaenda kutia sahihi.

Wiki iliyopita mvua ya kwanza kubwa ilinyesha, na plasta ya chumba kile ikatoka ukuta mzima, kama ganda la yai la kuchemsha. Nyuma yake kulikuwa na udongo. Udongo mtupu, umevimba, unavuja. Sasa ukuta ule umeegemezwa kwa miti mitatu upande wa nje, Papa na Mama wanalala saluni, na nyumba ya kampuni ina wapangaji wengine.

"Safi, acha ufagio," Anselme akasema.

"Jibu kitu moja tu. Ulijua?"

Nilitamani sana aseme hapana. Mungu anisamehe, hata kama angedanganya, saa ile ningeupokea uongo huo kwa mikono miwili.

"Nilijua," akasema.

Ufagio ukaniponyoka.

"Siku ya kwanza niliandika kweli," akaendelea, sauti imeshuka. "Naapa. Nilizunguka nyumba yote, nikakwangua ukuta kwa kisu, nikaona udongo. Nikaandika. Alphonse akasoma, akatia sahihi vile kila muuzaji anatia, kisha akasema, ukiandika vile hakuna mutu atanunua. Andika durable. Nikageuza ukurasa, nikaandika durable."

"Juu ya commission yako?"

"Juu yako!"

"Usinitie mu ile!"

"Juu yako, Safi. Papa alikuwa amebakia na wiki mbili ya kutoka mu nyumba ya kampuni. Tonton Amuri alikuwa anasema kila siku miye siko mutu. Nikasema, nikiwapatia nyumba ya durable, hakuna mutu atasema tena. Na nyumba ingine haikuwa. Nilitafuta mpaka viatu vikaisha."

"Alors ukatupatia ya udongo."

"Sikiliza. Nilijiambia, Papa iko na nyundo yake. Atagonga. Anagonga kila kitu, ata masufuria anagonga. Atasikia, atakataa, na miye sitakuwa nimemudanganya." Aliionyesha nyumba kwa kofia yake. "Kisha akasimama ku mulango."

"Na ulimuona amesimama."

"Nilimuona."

"Ulijua juu ya nini amesimama, haingii."

"Nilijua. Juu yangu."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Angekuwa mgeni, Papa angeingia chumbani na kugonga kila ukuta. Ni kwa sababu tulimpenda ndiyo maana hakugonga. Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kukaa chini nilie, na kwa kuwa sikuweza kuchagua nilisimama tu katikati ya uwanja, mikono inaning'inia. Alisogea. Nilisikia harufu ya sabuni ya mashati yake, ileile ya Jumapili zetu kule ng'ambo ya mto, na nikajua kwamba akinigusa mkono sitauondoa. Hakunigusa. Alitoa daftari mfukoni, lile daftari lake la kazi lenye karatasi za kaboni, ambamo kila kinachoandikwa juu hubaki na nakala chini.

"Shika. Nakala ya ukurasa ya kwanza iko mu ndani, na sahihi ya Alphonse kwamba amesoma. Ya pili iko nyuma yake. Tonton yako anafanya kazi ku tribunal, atakuambia maana yake."

Tonton, kama mtu wa mahakama, alikwisha kutuambia, tena mara tatu, na kila mara kwa raha kidogo. Kasoro ikionekana kwa macho, muuzaji hana la kujibu. Ikiwa imefichwa, na muuzaji alijua, basi sheria inampa mnunuzi kuchagua: arudishe nyumba na kurudishiwa mali yake yote, au abaki nayo na kupunguziwa. Lakini asichelewe, na aonyeshe ushahidi. Ushahidi hatukuwa nao. Sasa ulikuwa mkononi mwangu, una joto la mfuko wake.

"Unanipa miye ya nini?"

"Fanya nayo vile unataka. Ukiitoa, Papa atapata haki yake. Na miye sitauza tena ata banda ya kuku mu Kisangani, na Tonton Amuri amekwisha kuapa kama kuna uongo wangu, ndoa imekufa. Ukiificha..."

Hakuimalizia. Lango lililia, na watu wakaanza kuingia.

* * *

Tulipanga viti uani, chini ya wingu zito lililokuwa likipanda kutoka upande wa mto. Chef wa quartier, yaani mkuu wa mtaa, aliweka muhuri wake juu ya meza ndogo. Alphonse alikaa mguu juu ya mguu, akitazama saa yake kila mara. Tonton Amuri alisimama nyuma ya kiti cha Papa. Papa mwenyewe alikuja na mzigo uliofungwa kwa gazeti, akauweka chini kati ya miguu yake, na gazeti lilipofunguka kidogo niliona ukingo wa blanketi jekundu. Juu yake ilikuwa taa.

Zawadi za mkwe hazitolewi ndani ila zikirudishwa, na zikirudishwa uchumba umekufa.

Anselme naye aliziona. Alikuwa amekaa kwenye kigogo karibu na kisima, na macho yake yakatoka kwenye taa yakaja kwangu, yakakaa. Daftari lilikuwa chini ya kitenge changu, kiunoni. Nililihisi kila nilipovuta pumzi.

"Citoyen Alphonse," chef akaanza, "Papa Feruzi anasema ulimuuzia nyumba ya udongo kwa jina la durable."

"Chef, miye niliuza nyumba. Papa alikuja na nyundo, watu wote waliona. Aligonga weee! Kama kuna mutu alitazama nyumba muzuri mu ii ville ya Kisangani, ni yeye. Kisha akatia sahihi. Donc aliona, alikubali. Leo mvua imenyesha, ni makosa yangu? Miye ndiye ninanyeshesha?"

Majirani wawili waliokuwa wakichungulia juu ya ua wakacheka.

"Papa, ni kweli uligonga?"

"Niligonga."

"Kuta zote?"

Papa aligusa mfuko wenye nyundo. Alphonse akatabasamu.

"Bon," chef akasema, akisimama. "Tuingie mu chumba, tuone. Alphonse, kuya. Na weye komisioneri, kuya. Papa, tangulia."

Tukaenda kwa msururu. Chef akaingia, Alphonse akaingia, Tonton Amuri akaingia, Anselme akaingia huku ameinama. Papa alifika kizingitini, na miguu yake ikasimama, palepale iliposimama Januari. Nilikuwa nyuma yake, niliona mkono wake umeshika fremu ya mlango, na juu ya bega lake niliona ndani.

"Papa, ingia basi," chef akasema kutoka ndani. "Nyumba ni yako."

"Siwezi."

"Juu ya nini?"

"Mukwe wangu iko ndani."

Hakuna aliyecheka safari hii. Chef alimtazama Papa, akamtazama Anselme, akautazama ukuta ule uliovuliwa nguo, tope linateremka mpaka sakafuni. Nilimwona akielewa.

"Donc siku ile..."

"Siku ile vilevile," Papa akasema. "Alikuwa ameingia mbele. Niliamini macho yake."

Mama akaziba uso kwa kitenge. Mimi sikulia. Nilikuwa nikimtazama Anselme, nikisubiri afungue mdomo ule aliorithi, na yeye alikuwa akinitazama mimi, akisubiri nitoe daftari. Tukakaa hivyo, tukitazamana juu ya bega la Papa, na ndipo hasira yangu ya kweli ikaja. Hakunipa daftari lile ili nichague. Alinipa ili nibebe mimi kile alichoshindwa kubeba yeye. Januari alimwachia Papa na nyundo yake. Leo ananiachia mimi.

"Desturi yenu ni muzuri," Alphonse akasema, "lakini haiko mu acte de vente, ile karatasi Papa alitia sahihi. Mulango ilikuwa wazi. Nani alimukataza kuingia? Kama kuna mutu alijua ile ukuta ni ya udongo, aonyeshe. Muko na karatasi?"

"Tuko nayo," nikasema.

Wote wakageuka. Nililitoa daftari kiunoni, nikampita Papa, nikaingia chumbani. Tonton Amuri alinyoosha mkono alipokee. Nikampita na yeye. Nikamwekea Anselme kifuani.

"Soma."

"Safi, weye..."

"Hapana miye. Hii ni mwandiko ya nani? Soma na mdomo yako. Kwa nguvu, Papa asikie kule amesimama."

Alizifunua karatasi za kaboni moja moja, utadhani zinamchoma. Nilimwonea huruma, sikatai. Lakini sikurudi nyuma.

"Nyumba ya Mangobo," akasoma. "Mbele na saluni, tofali za kuchoma. Chumba cha nyuma, ukuta mbili ni tofali mbichi, saruji ni ya kufunika tu. Semi-durable." Akashusha kidole mpaka chini ya ukurasa. "Mwenyewe amesoma. Sahihi: Alphonse."

"Ni uongo!" Alphonse akaruka.

"Ni sahihi yako," chef akasema, tayari amelichukua daftari. "Ii mukia ya mwisho naijua, iko ku karatasi yako yote. Endelea, komisioneri."

"Ukurasa ya pili niliandika durable. Alphonse ndiye alisema, lakini mukono ni yangu." Akageuka mlangoni. "Papa, nilijua. Nilikuona umesimama pale, na nilijua juu ya nini, na nikanyamaza. Alphonse alikudanganya kwa karatasi. Miye nilikudanganya kwa heshima yako."

Chef hakutaka maneno mengi baada ya hapo. Alirudi uani, akaketi, akaandika: kasoro ilifichwa, muuzaji alijua, nyumba irudi kwake na alichopokea kirudi kwa Papa Feruzi kabla ya mwezi kwisha, akikataa, karatasi hii na daftari zitakwenda tribunal, na huko atalipia na hasara. Akapiga muhuri mara mbili. Alphonse akapiga kelele kidogo, akamtazama Tonton Amuri wa tribunal, akapunguza kelele. Kisha akatia sahihi ileile yenye mkia.

"Na komisioneri," chef akaongeza, "jina yako nitaitangaza ku bachefs wenzangu wote."

"Ndiyo, chef."

Halafu Papa akainama, akauokota mzigo wake.

"Anselme. Kuya hapa."

Alikwenda. Papa akamwekea taa mkono mmoja, blanketi mkono wa pili, mbele ya chef, mbele ya majirani, mbele yangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kushinda na kupoteza kwa muhuri mmoja. Tonton Amuri alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, na ningempata karibu ningemkanyaga.

"Kuanzia leo," Papa akasema, "weye hauko mukwe wangu. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

"Watu wote wamesikia?"

Watu wote walikuwa wamesikia.

"Bon." Papa akatia mkono mfukoni, akatoa nyundo. Aliipima kiganjani kama alivyoipima maisha yake yote, halafu akaisukuma chini ya kwapa la Anselme, maana mikono yake ilikuwa imejaa. "Kama hauko mukwe wangu, naweza kuingia na weye mu chumba yote. Jumapili ikipita, Lundi asubui, tunaenda kutafuta nyumba ingine. Weye utagonga, miye nitasikiliza. Kila ukuta. Ata ya choo."

"Feruzi!" Tonton Amuri akapayuka. "Huyu mwongo?"

"Amuri, uongo yote ya bakomisioneri iko mu kichwa yake. Unataka nitafute na malaika? Malaika haijui nyumba ya Mangobo." Akamgeukia Anselme, na sauti ikawa nyingine, ile ya kuzungumza na magurudumu. "Ile taa ni yako. Siku ingine, kama utaona kuna pahali pa kuipeleka, utapeleka. Kupokelewa ama kukataliwa, ile haiko mambo yangu. Ni mambo ya mutoto wangu."

Mvua ikaanza kudondoka, matone makubwa ya mwanzo. Chef akakimbilia veranda na muhuri wake, Mama akaita tuhamishe vitu upande wa mbele. Anselme alikuwa amefika langoni, blanketi begani, nyundo kwapani, taa kifuani, na hakugeuka nyuma. Nafikiri hakuthubutu.

Nilimkimbilia.

"Anselme!"

Akasimama.

"Ile taa," nikasema nikihema. "Kioo yake iko na ufa. Hapa chini, huioni kama haujageuza. Niliigonga ku meza mwezi ya pili, nikaigeuza, sikuambia mutu."

Aliigeuza taa polepole, mvua ikimlowesha kope, akapitisha kidole gumba kwenye ufa ule wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alichukua muda mrefu. Alipoinua uso, sikujua kama yale machoni mwake yalikuwa maji ya mvua.

"Nimeona," akasema.

"Nimekuambia mbele ya weye kuiona."

"Umeniambia mbele."

Sikumsamehe siku ile, na sikumwambia uongo kwamba nimemsamehe. Nilitoa kanga kichwani, nikamfunikia taa isiingie maji.

"Lundi uje mapema," nikasema. "Papa hapendi kungoja."